Kisa cha Morningside: dakika 40 ambazo hakuna aliyejua kuwa mtoto hayupo

Nimekaa na hiki kisa zaidi ya mwaka sasa na kila nikikisimulia watu wananiambia pole sana baba, mvua za mlimani ndo zilivyo. Hapana. Mvua haikutupotezea mtoto. Nataka nikiandike chote kilivyokua, saa kwa saa, maana wazazi wengi wa Dar saivi wanapeleka watoto Morogoro, tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria mwezi wa 6 mwaka 2024 imekua rahisi mno, unatoka Dar asubuhi na kabla chai haijashuka tumboni uko Kihonda, alafu ukinyanyua macho Uluguru ile pale, unaiona kama iko nyuma ya uzio wa jirani.

Tulikua sita. Mimi, mama watoto, mdogo wake wa kiume ambaye kwangu ni shemeji na kwa watoto ni mjomba, kijana wa miaka 24, na watoto watatu: Imani miaka 9, Zawadi miaka 6, na Baraka miaka 2 na nusu. Majina ya watoto nimeyabadili. Tulifikia kwa mama mkwe, mtaa wa Bigwa pale Morogoro, ilikua tarehe 28 Desemba, shule zimefungwa, watoto wamekaa ndani siku nne wanagombania rimoti. Shem akasema kesho twendeni Morningside, wote tukaitikia.

Kwa asiyepajua, Morningside ni jengo la zamani la enzi za Wajerumani, liko mlimani juu ya mji wa Morogoro, kwenye mita kama 1,300 kutoka usawa wa bahari. Mji wenyewe uko mita 500 hivi. Kuna barabara ya vumbi inayopanda kwa kujikunja kona kona, na kati ya kona na kona kuna njia za mkato, vinjia vyembamba vya wakulima wa Kiluguru wanaoshusha ndizi, karoti, kabichi mpaka stroberi kwenda soko la Chifu Kingalu. Juu zaidi ndo unakuta msitu wa hifadhi na vilele, Bondwa yenye minara ya mawasiliano, Lupanga yenye mita 2,138, huko hatukua na mpango nako. Mpango ulikua Morningside tu, tule, tupige picha, turudi. Shem alishapanda mara nyingi na akasema ni masaa mawili tu, mkizubaa matatu.

Na kweli kwake ni masaa mawili. Kuna kanuni ya zamani ya wapanda milima, iliwekwa na Mskochi mmoja anaitwa Naismith mwaka 1892, inasema hesabu saa 1 kwa kila kilomita 5 za kutembea, alafu ongeza saa 1 kwa kila mita 600 unazopanda. Kutoka chini mpaka Morningside unapanda mita 700 na ushee, kwaiyo kupanda peke yake kumeshakula zaidi ya saa nzima hata hujahesabu umbali. Na hiyo ni ya mtu mzima mwenye afya, asiyesimama. Mtoto wa miaka 6 anasimama kila akiona jongoo. Mimi saivi nachukua hesabu ya Naismith naizidisha mara mbili kwa Zawadi, alafu naweka saa nzima ya kukaa na kula, na nikimaliza ndo najua siku yangu ina ukubwa gani. Siku ile sikufanya hesabu yoyote. Nilichukua masaa ya shemeji nikayavalisha watoto wangu.

Tulikubaliana kutoka saa 12 asubuhi. Tukatoka saa 3 na dakika 20, mnajua wenyewe, chai, mmoja hataki viatu hivi, mwingine anataka kwenda chooni mkiwa mshafunga mlango, mama mkwe anasisitiza tubebe na viazi vya kuchemsha. Bajaji ikatushusha maeneo ya Rock Garden na tukaanza kutembea saa 4 na dakika 10. Hapo tumeshapoteza masaa ya ubaridi na, kibaya zaidi, tumeshajipangia kuwa juu mchana wa Desemba, mda ambao mawingu ya Uluguru ndo yanashuka. Mama mkwe alituambia pale mlangoni, "mkiona kichwa cha mlima kimejifunika rudini." Tukasema sawa mama.

Vitu tulivyobeba: maji chupa tatu za lita moja na nusu, yaani lita nne na nusu kwa watu sita. Chapati, mayai, viazi, ndizi mbivu, karanga. Kanga mbili. Jaketi langu moja. Nguo za kubadili za Baraka tu. Miguuni, Imani raba nzuri, Zawadi viatu vya shule, mama yao raba, mimi buti la kazini, na Baraka alikua mgongoni kwangu kwa mbeleko. Simu tatu. Ya mama watoto ilikua na chaji asilimia 20 kwa sababu Zawadi aliangalia katuni kwenye bajaji, kwaiyo tukaamua aizime ili tuitunze. Kumbukeni hiyo simu.

Saa la kwanza lilikua zuri, siwezi kudanganya. Kijito kinaimba pembeni, watoto wanasalimia kila anayeshuka shikamoo shikamoo, akina mama wana mikungu ya ndizi kichwani na wanashuka kama wanatembea sebuleni, Imani anauliza kwanini hawashiki. Nikamwambia hii milima ndo inaleta maji tunayooga Dar, Mto Ruvu chanzo chake ni huku Uluguru, akashangaa kweli, akainama akaonja maji kwenye kijito na mama yake akampigia kelele. Nayakumbuka hayo yote vizuri kuliko chochote.

Saa 5 na nusu tukapumzika kwa mara ya kwanza kirefu na nusu ya maji ilikua imeisha. Zawadi akauliza bado mbali? Nikasema bado kidogo. Nitalirudia hili maana nadhani ndo lilianza kutuvunja. Nilimwambia "bado kidogo" kama mara sita siku ile na mara zote sita ilikua si kweli. Mtoto wa miaka 6 sio mjinga, kufikia mara ya tatu alishaacha kuniamini, akawa anakaa chini katikati ya barabara, na kila akikaa mama yake anabaki naye, sisi wengine tunaendelea taratibu tukidhani watatufikia. Hapo msafara umeanza kukatika vipande na hakuna aliyeamua ukatike. Ningemwambia "tunaenda mpaka kwenye mgomba ule alafu unapewa karanga" angefika, maana mgomba anauona. Morningside haioni, ni jina tu kwake.

Shem naye ana miguu yake. Kutembea polepole kwa mtu mwenye nguvu ni kazi ngumu kuliko kukimbia, anachoka. Imani alikua anamfuata mjomba wake kama kivuli, anamhusudu sana. Kwaiyo ikawa hivi: mbele kabisa shem na Imani, kati mimi na Baraka mgongoni, nyuma mama Imani na Zawadi. Kati ya kundi na kundi labda mita 100, mara 150, na barabara ina kona, kwaiyo hatuonani.

Saa 6 na dakika 45 hivi mchana ukungu ukashuka. Unaanza kama moshi wa jikoni unapita kwenye migomba, dakika tano baadae huoni mti uliouona sasa hivi. Manyunyu yakaanza.

Mda huo huo, hii tumekuja kuijua baadae kwa kumuuliza kila mtu peke yake, shem alisimama kwenye kona kupiga picha mji kabla haujafunikwa. Imani akamwambia mjomba nakwenda kukojoa, shem akasema haya. Imani akaingia pembeni, akamaliza, akaona pale pale kuna njia ya mkato inapanda. Akili ya mtoto wa miaka 9: nikipita hapa nitatokea juu nimsubiri mjomba, atashtuka. Akapanda. Shem akamaliza picha, akaangalia, hamuoni, akajisemea amerudi kwa baba yake, si yuko hapa nyuma tu. Akaendelea kupanda.

Mimi nikafika pale kwenye kona sikukuta mtu, nikajua wako mbele.

Saa 7 na dakika 5 nilikua nimesimama kuwasubiri walio nyuma, mama Imani akanifikia na Zawadi amemshika mkono, amelowa kidogo, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Baba Imani, Imani yuko wapi?" Nikamjibu, "Yuko mbele na mjomba wake."

Hilo jibu. Mtu akiniuliza kosa lilikua wapi siku ile simwambii mvua, simwambii kuchelewa, simwambii hata shem kupiga picha. Namwambia ni hilo jibu. Sikua nimemuona Imani kwa zaidi ya dakika 20. Nilichokua nacho ni dhana, na nimempa mke wangu kama habari. Yeye akaipokea kama habari, kwasababu mimi ndo baba na nilikua mbele yake, akatulia. Na shem huko mbele alikua na dhana yake kwamba mtoto yuko na mimi, naye ametulia. Watu wazima watatu, wote wanampenda huyo mtoto, wote wametulia, na mtoto yuko peke yake kwenye ukungu. Uwingi wetu ndo ulitulaza. Nina uhakika kabisa ningekua mimi peke yangu na Imani mlimani nisingemuacha hata dakika mbili, lakini tukiwa watatu kila mmoja aliuweka mzigo chini akijua mwenzake kaubeba.

Saa 7 na nusu tukakutana na shem, alikua amekaa chini ya mti kwenye kona ya juu anatusubiri mvua ipungue. Akatuona. Akatuangalia mmoja mmoja. Akasema, "Imani je?"

Sitaki kueleza sana sura ya mama watoto hapo.

Hesabu niliyoifanya baadae: Imani alitutoka kama saa 6 na dakika 50. Tumegundua saa 7 na nusu. Dakika 40. Mtoto wa miaka 9 kwa dakika 40 kwenye vinjia vya mlimani anaweza kuwa popote.

Tulichofanya baada ya hapo kina mabaya na mazuri. Mabaya ni yangu. Nilimkabidhi mama yao Baraka nikaanza kukimbia kupanda huku napiga kelele Imaniii, shem akakimbia kushuka naye anapiga kelele, na tulivyokua tunapiga kelele bila kunyamaza hata mtoto angeitikia tusingemsikia. Ukiita, nyamaza. Hesabu mpaka 60 ukiwa kimya, sikiliza, ndo uite tena. Alafu nilipita tu barabarani, akili yangu ilikua haijakubali kwamba mtoto anaweza kuwa ameacha barabara, wakati vinjia vile vya mkato nilikua navipita kila baada ya dakika chache na vingine vinagawanyika tena kuingia mashambani.

Zuri lilifanywa na mama Imani. Yeye hakukimbia. Aliteremka na watoto wawili mpaka ile kona ambayo shem alisema alimuona Imani kwa mara ya mwisho, akakaa hapo hapo, na kila aliyepita akamsimamisha na kumwambia mtoto wa kiume, miaka 9, fulana ya bluu, raba nyeupe. Akapita kijana wa bodaboda anapanda na mzigo wa simenti, akampa maelezo hayo hayo akamuomba aulize huko juu. Mama wawili wanaoshuka akawaomba wapeleke habari chini. Ndani ya dakika 10 mlima wote ulikua unajua kuna mtoto anatafutwa. Watu wa kule wanaitana kutoka shamba mpaka shamba, sauti inavuka bonde.

Imani huku alikua ametembea kile kinjia, kikagawanyika, akachukua cha kulia, kikamfikisha kwenye shamba la migomba na kikaisha. Ukungu umejaa. Akajaribu kurudi akakuta njia mbili zote anaziona za kutokea. Hapo akaanza kulia, na kulia ndo kulimsaidia, kuna mama alikua anakata mkungu wa ndizi upande wa pili wa shamba akamsikia. Imani anasema alimwamkia kwanza alafu akamuuliza, "mama, mjomba wangu amepita hapa?" Yule mama akamfunika kanga yake, akamuuliza anajua namba ya mzazi. Anaijua ya mama yake kichwani, tulimfundisha tangu darasa la kwanza. Mama akatoa kitochi chake akapiga. Simu haipatikani.

Nilishasema muikumbuke. Mtandao upo, salio la yule mama lipo, namba mtoto anaijua, simu imezimwa kutunza chaji ili tuwe nayo kukitokea shida.

Akaacha mkungu wake chini, akamshika mkono, akamleta mwenyewe mpaka barabarani, na walivyotokea tu wakakutana na yule wa bodaboda anaulizia. Saa 7 na dakika 55 tulikua naye. Shati lote limelowa, kapoteza kofia, goti limechubuka. Ndo hayo tu. Yule mama tulitaka kumpa hela akakataa, akasema kwani wangu akipotea mjini kwenu mtamwacha? Akarudi kufuata ndizi zake na mvua ndo kwanza imechanganya.

Kisa kingeweza kuishia hapo ila cha pili kilikua kinakuja kimya kimya na kilikua mgongoni. Baraka. Wakati wote wa heka heka alikua kwa mama yake, ametulia, tunadhani amelala. Nilivyomchukua nikagusa miguu yake, ya baridi kama samaki wa frizani, midomo imebadilika rangi, haulizi kitu. Watu wanaona Morogoro ni joto kwaiyo baridi haiwezi kuwa hatari, lakini kila ukipanda mita 1,000 hewa inapoa kama nyuzi 6, weka upepo, weka fulana ya pamba iliyolowa, na mtoto mdogo anapoteza joto haraka kuliko sisi maana ngozi yake ni kubwa ukilinganisha na uzito wake. Na cha kuzingatia zaidi ni kwamba wewe unayetembea unajipasha moto kwa kutembea, yeye uliyembeba hatembei. Wewe unatoka jasho huku yeye anapoa. Tukasogea chini ya kibanda cha wakulima, tukamvua vyote, tukamvalisha zile nguo kavu, nikafungua shati nikamweka kifuani ngozi kwa ngozi, kanga kavu juu, jaketi juu ya kanga, tukampa ndizi na karanga tulizomsagia. Baada ya dakika 20 akaanza kulalamika anataka kushuka. Sijawahi kufurahia malalamiko ya mtoto kama yale. Imani na Zawadi hawakua na nguo kavu, tulibeba za Baraka tu kwa kufikiri ndo mdogo anayejikojolea. Mama yao akawagawia ile kanga ya pili.

Kushuka sitakusimulia kirefu. Udongo ule mwekundu ukilowa ni sabuni, viatu vya shule vya Zawadi vilikua laini chini, alianguka mara nne na mwishowe shem alimbeba. Watu wengi wanapiga hesabu ya nguvu za kupanda tu, wakifika juu wanaona kazi imeisha, kumbe magoti ya mtoto yanaumia zaidi kushuka na hapo ndo amechoka na amelowa. Tulifika chini saa 11 na dakika 40 jioni. Jua Desemba linazama saa 12 na nusu na kitu. Tulikua na dakika 50 tu za mwanga mkononi na hatukua na tochi zaidi ya simu. Morningside yenyewe hatukuiona.

Usiku ule shem alilia. Alikua anajilaumu yeye na mama mkwe akawa anamlaumu yeye, kwa Waluguru mjomba ana uzito wake kwa watoto wa dada, ukoo wao unafuata upande wa mama, kwaiyo lawama ilimuelekea moja kwa moja. Mimi nikasema hapana. Yeye alipoteza macho kwa dakika moja, ikatokea. Mimi niliulizwa swali na nikalijibu bila kuangalia. Kama ningesema "sijui, sijamuona mda" saa 7 na dakika 5, tungeanza kutafuta dakika 25 kabla, na ile kona ilikua bado nyuma yetu kidogo tu.

Baadae nikasoma kuhusu mtoto mmoja wa miaka 9 aliyepotea milimani California mwaka 1981, familia ilikua matembezini kama sisi, watu wengi wakamtafuta kwa siku kadhaa na wakamkuta ameshafariki. Waliomtafuta waliumia sana wakaanzisha mafundisho ya watoto yanayoitwa Hug-a-Tree, yaani kumbatia mti. Fundisho kubwa ni hilo tu: ukijiona umepotea shika mti ukae nao, usiendelee kutembea, mti ni rafiki yako mpaka waje. Umri ule ule wa Imani. Nilisoma mara moja tu sijarudia. Nilimuuliza Imani alipofika shambani na njia ikaisha alifikiria nini, akasema nilifikiria nitembee haraka ili mjomba asigundue. Alikua anaogopa kugombezwa. Kwaiyo tulikaa na watoto tukawaambia kitu ambacho nadhani hatukuwahi kuwaambia kwa maneno: mkipotea hamtagombezwa. Kamwe. Mkae palepale, mpige kelele kadri mnavyoweza.

Mwezi wa 7 uliofuata tulirudi. Mama Imani hakutaka mwanzo na sikumlazimisha, aliamua mwenyewe Mei. Julai ni kiangazi, asubuhi ya baridi lakini njia kavu. Tuliondoka saa 12 na dakika 40 na safari hii tulimchukua kijana wa pale mtaani anayeongoza wageni. Mama mkwe alitupa utaratibu wao wa zamani, wakipanda shambani na mama zao watoto wanakaa katikati, mkubwa mmoja mbele hapitwi na mtoto, mkubwa mmoja nyuma hamuachi mtoto nyuma yake, na spidi ni ya mwenye mguu mfupi. Kwetu ni Zawadi. Tulimuweka wa pili kwenye mstari, nyuma ya shem, na shem akawa analazimika kwenda na pumzi za Zawadi. Njia ikigawanyika wote tunasimama mpaka wa mwisho afike, hata kama ni kinjia cha kuku. Kila mtoto filimbi shingoni, puliza mara tatu kaa chini. Karatasi ya namba mfukoni, simu zote zimewashwa, nguo kavu ya kila mtoto kwenye mfuko wa nailoni, maji lita 9, yalibaki. Kofia nyekundu kwa wote watatu, nilizunguka Kariakoo mpaka nikazipata za rangi moja. Na saa ya kugeuka: saa 5 na nusu popote tulipo tunageuka, hakuna mjadala. Tuliiandika kwenye mkono wa Imani kwa peni ili yeye ndo awe msemaji.

Lile shamba tulilipita. Yule mama hakuwepo, jirani yake akatuambia kaenda sokoni, tukamuachia sukari na kanga, Imani akaandika jina lake kwenye karatasi akaifunga humo ndani.

Kwenye ile kona ya picha nilisimama kufunga kamba ya buti, nilikua wa mwisho. Zawadi alikua mbele yangu amekaa anakula yai. Nikasikia mama Imani anauliza kwa sauti ile ile ya kawaida, "Imani yuko wapi?" na kabla sijanyanyua kichwa shem akajibu kutoka mbele, "Namuona, amekaa kwenye jiwe jeupe upande wa kulia, ananiangalia." Nikanyanyua macho nikaangalia. Jiwe jeupe, kofia nyekundu. Nikasema na mimi namuona.